Kwa Nini Watoto Wetu Hawafiki Pamoja



Katika mkutano wetu mkuu uliopita mzee mmoja, mwanachama wa siku nyingi, aliinuka mwishoni akauliza suala ambalo halikupata jawabu, kwani jua lilikuwa linakuchwa na watu wameshaanza kutafuta maji ya kutawadha. Alisema: skuli ni moja, walimu ni wale wale, elimu ni bure; basi kwa nini kila mwaka majina ya vijana wetu wanaokwenda vyuo vikuu hutoka katika nyumba zile zile? Watu wakacheka. Mmoja akajibu kuwa hiyo ni akili, na akili Mungu humpa amtakaye. Sisi hatukucheka, kwa sababu daftari la mfuko wa elimu wa chama tunaliweka sisi, na majina hayo tuliyajua hata kabla ya kulifungua. Tuliahidi kuandika, na leo tunatimiza ahadi.

Kwanza tuiondoe khabari ya akili. Hapana shaka akili ni kipaji cha Mungu, lakini hatujaona pahala palipoandikwa kuwa humpa mwenye mikarafuu mingi kuliko asiyekuwa nayo. Kila mmoja wetu amekaa chuoni juu ya mkeka mmoja na watoto wa kila namna. Chuo hakihitaji mengi: juzuu, mwalimu, na muda kidogo wa alfajiri na wa jioni. Na nani aliyekuwa akihitimu mwanzo? Mara mtoto wa mwenye shamba, mara mtoto wa mchumaji, mara yatima aliyelelewa na bibi yake. Hapakuwa na nyumba iliyotangulia siku zote. Nyumba hizo huanza kutangulia pale kusoma kunapotaka fedha, na khasa fedha inayopatikana kwa wakati wake.

Neno hilo la wakati ndilo tunalotaka mlishike. Watu hudhani kuwa mwenye nacho na asiye nacho wamepitana kwa kiasi cha mali tu. Kwa maoni yetu tofauti kubwa zaidi ni hii: mmoja anaweza kungoja na mwengine hawezi.

Tuchukue mfano wa mambo tunayoyajua. Wapo majirani wawili, kila mmoja amerithi mikarafuu 30, ya umri mmoja na udongo mmoja. Wa kwanza mkewe ni mwalimu na hupata mshahara kila mwezi. Wa pili hana ila shamba lake. Mwezi wa sita karafuu bado changa, na watoto wa nyumba zote mbili wakashikwa na homa, tena paa likaanza kuvuja. Wa kwanza hutoa katika mshahara. Wa pili humwendea mkodi, akamkodisha mikarafuu yake kabla haijapevuka, kwa bei anayoitaka mkodi. Hatumlaumu mkodi, kwani naye huitia fedha yake katika hatari. Mvua ikizidi wakati wa kuanika, hasara ni yake. Lakini msimu ukifika, jirani wa kwanza huchuma, huchambua makonyo, huanika, na kila kilo tatu za mbichi humpa kama kilo moja kavu, akaipeleka kituoni na kulipwa bei kamili. Jirani wa pili huajiriwa kuichuma mikarafuu yake mwenyewe, akalipwa kwa pishi. Miti ni sawa na mvua ni moja. Kilichowatenga ni miezi michache ya kungoja.

Sasa, kutoweza kungoja hakukuanza jana, na yafaa tuseme kidogo kulikotoka, kwani vijana wetu wengi hawajui.

Utumwa ulipoondolewa kisheria katika visiwa hivi mwaka 1897, serikali ilitoa fidia. Aliyelipwa fidia ni bwana aliyempoteza mtumwa. Mtumwa mwenyewe hakulipwa kitu kwa miaka aliyofanya kazi. Wengi walibaki katika mashamba yale yale, wakaruhusiwa kujenga kibanda na kulima muhogo na mpunga baina ya mikarafuu, kwa kupalilia shamba la mwenyewe. Lakini kupanda mkarafuu au mnazi aghalabu hawakuruhusiwa. Sababu yake kila mkulima anaifahamu: muhogo huung'oa mwaka huo huo, lakini mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka sita au zaidi na huishi kuliko aliyeupanda, na mwenye mti ana haki. Mtu asiyekuwa na mti hakuwa na cha kuweka rehani, hakuwa na cha kurithisha, na hakuwa na sababu ya kufikiri zaidi ya mavuno ya muhogo. Huku Pemba mambo yalikuwa na nafuu kidogo, kwani wenyeji wengi walipata mikarafuu yao wenyewe, ingawa michache.

Wala tusidhani kuwa kila mwenye shamba alikuwa tajiri. Wengi wao waliishi kwa deni. Palikuwa na bei iliyoitwa bei khiyari, ambayo mtu huliuza shamba lake kwa mkopeshaji kwa sharti ya kuwa atalikomboa, na huku akibaki ndani yake na kulipa kodi. Kwa jina ni biashara, kwa kweli ni riba iliyovikwa kanzu. Deni lilikuwa kubwa hata mwaka 1934 serikali ikapitisha sheria za kuzuia mashamba yasihamie mikononi mwa wakopeshaji. Hawa nao waliitwa mabwana, lakini hawakuweza kungoja msimu.

Na skuli je? Skuli za serikali zilianza mjini, na kwa muda mrefu waliofaidika ni watoto wa mjini na wa jamaa wenye nafasi. Wazazi wa mashamba wengi walizikimbia kwa kuwa hazikufundisha Kurani, mpaka baadaye mafundisho hayo yakaingizwa. Skuli ya serikali ya wasichana ilifunguliwa mwaka 1927, mjini, na ikaitwa skuli ya wasichana wa Kiarabu. Jina lenyewe latosha kutueleza ni nani aliyekusudiwa. Kwa hivyo zilipokuja kazi za karani, za ukalimani, za ualimu na za forodha, waliozipata ni wale ambao baba zao walikwisha kuwapo karibu na skuli. Na mtoto wa karani alizaliwa katika nyumba yenye mshahara, yaani nyumba inayoweza kungoja.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 mambo mawili makubwa yalitendeka. Tarehe 23 Septemba 1964 ikatangazwa elimu bure, na kuanzia mwaka 1965 mashamba yaliyotaifishwa yakagawiwa kwa eka tatu tatu. Maelfu ya familia zilizokuwa hazina hata mti mmoja zikapata mikarafuu ya kuitumia. Wapo wanachama wetu ambao babu zao walikuwa wapaliliaji na leo wao ni walimu na madaktari, na njia yao ilipita katika eka tatu na katika skuli isiyokuwa na ada. Asiyelikiri hili hasemi haki.

Lakini eka tatu humpa mtu mti, hazimpi bei. Miaka ya 1970 karafuu iliuzwa ghali sana duniani, na mkulima alipewa sehemu ndogo tu ya bei ile. Kisha Indonesia, ambayo ilikuwa ndiyo mnunuzi mkubwa kwa ajili ya sigara zake za karafuu, ikapanda mikarafuu yake ikajitosheleza, na katika miaka ya 1980 bei ikaanguka. Mashamba yakaachwa yakaota magugu. Aliyekuwa na ndugu Mombasa, Dar es Salaam au Maskati alipelekewa fedha akavuka salama. Asiyekuwa naye alikata mkarafuu akachoma mkaa. Na kadhalika katika miaka ya 1990 michango ya skuli ikarudi kwa jina jengine, mpaka ilipoondolewa tena katika miaka ya 2010.

Kwa hivyo elimu bure ni jambo kubwa, lakini haitoshi, na hili si letu peke yetu. Uingereza ilipitisha Sheria ya Elimu mwaka 1944 na kuondoa ada katika skuli za sekondari za serikali. Mtoto alifanya mtihani akiwa na umri wa miaka kumi na moja hivi, na aliyefaulu aliingia skuli ya juu bila ya malipo. Watu walidhani sasa mtoto wa mfanyakazi na mtoto wa daktari watakwenda sawa. Mwaka 1954 ikatoka ripoti ya baraza la serikali la elimu iliyoonyesha kuwa watoto wa wafanyakazi wa chini walioingia skuli zile, hata wale walioingia wakiwa mbele, wengi walirudi nyuma kadiri miaka ilivyopita, na wengi wakaacha kabla ya kumaliza. Sababu zilizotajwa zingeweza kuandikwa hapa kwetu: nyumba ndogo yenye watu wengi isiyo na pahala pa kusomea, na nyumba inayohitaji ujira wa kijana sasa hivi. Ada haikuwapo, lakini kungoja kulikuwa na gharama yake.

Turudi kwetu tuitazame gharama hiyo ilivyo.

Mtihani wa kidato cha nne hufanywa mwezi wa Novemba. Kila mwanachama anajua Novemba ni wakati gani. Mikarafuu imejaa, mchumaji hapatikani, na ua likifunguka mtini thamani yake imekwenda. Katika nyumba ya mwenye kipato kijana huambiwa, "Wewe soma, tutaajiri mtu." Katika nyumba ya mchumaji huambiwa, "Nenda leo tu, kesho utasoma." Baba anayesema hivyo hana ubaya wala hapuuzi elimu. Ujira wa majuma sita ndio mchele wa miezi mitatu, ndio deni la dukani, ndio sare za wadogo zake mwezi wa Januari. Na wako wanaohama na watoto wao kwenda kukaa kambi katika mashamba ya mbali. Mwalimu hupiga jina, hapana anayeitika. Mtoto huyo si mtoro, yuko juu ya mti, na mara nyengine huanguka.

Kisha ni lugha. Sera ya elimu ya mwaka 2006 iliagiza hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Katika nyumba yenye mtu anayekijua, mtoto huuliza jioni akaelezwa. Katika nyumba nyengine mtoto huandika asichokifahamu, akakihifadhi, na kuhifadhi bila ya kufahamu hakumfikishi mbali katika hesabu. Mwenye uwezo hulipa tuisheni. Tumekwisha kuwaona vijana wanaosimama nje ya dirisha la tuisheni wakisikiliza, na mwalimu akajifanya hakuwaona, Mungu amlipe.

Baada ya mtihani ndipo kungoja kwenyewe kunapoanza. Kungoja matokeo. Kungoja nafasi ya kidato cha tano, pengine katika skuli ya mbali inayotaka godoro, sanduku, ndoo na nauli. Kungoja mkopo wa chuo kikuu. Bodi ya mikopo ya Zanzibar iliundwa mwaka 2011, na ile ya Muungano ilikuwapo kabla yake, na vijana wengi wa mashamba wasingesoma bila ya mikopo hiyo. Sisi huwajazia fomu katika intaneti ofisini, na tunaona jinsi mambo madogo yanavyompoteza mtu: cheti cha kuzaliwa kilichoandikwa jina la babu vyengine, mdhamini asiye na kitambulisho, nauli ya boti ya kwenda Unguja kufuata mhuri. Mtoto wa afisa hayamsumbui haya, kwani baba yake hupiga simu. Mtoto wa mchumaji hufanya safari mbili, ya tatu akakata tamaa, na watu wakasema hakuwa na hamu ya kusoma.

Hata akimaliza chuo, ofisi nyingi humwambia ajitolee kwanza, mwaka mmoja au zaidi, bila ya mshahara. Mwenye ami mjini hupata chumba na sahani ya wali, akajitolea, akajulikana, na nafasi ikitokea huajiriwa yeye. Mwenziwe aliyempita kwa alama hurudi nyumbani kwa kuwa hana pa kulala. Pengine huenda hotelini pwani ya mashariki ya Unguja kubeba mizigo, shahada yake imo ndani ya bahasha. Afya tutaipita kwa haraka, ingawa ina mengi: mwenye fedha mfukoni huenda hospitali siku ya kwanza ya homa, asiye nayo huenda siku ya tano, na maradhi hayo hayo yakawa mengine.

Tutaeleza jambo moja la nyumbani kwetu, si kwa kujisifu wala kwa kulalamika, bali kwa kuwa hatujui mfano ulio wazi zaidi. Sisi tulifanya mtihani wa kidato cha nne kabla ya mwaka 2011, tukapata alama za kuendelea. Bei ya karafuu ilikuwa duni, baba yetu alikuwa ameshaikodisha mikarafuu kwa ajili ya matibabu ya mama, na skuli tuliyopangiwa ilikuwa mbali. Tukangoja mwaka mmoja, nafasi ikapita. Mwaka 2011 bei anayolipwa mkulima ikapandishwa sana. Mdogo wetu wa kike, ambaye hesabu tulimfundisha sisi kwa taa ya chemni, alimaliza kidato cha nne baada ya hapo. Baba hakukodisha tena. Alichuma mwenyewe, akalipa nauli, godoro na ada ya chuo. Leo ni muuguzi. Baba mmoja, mama mmoja, mikarafuu ile ile. Atakayesema kuwa yeye ndiye mwenye akili zaidi hatutabishana naye, maana huenda ni kweli, lakini siyo iliyoamua.

Sasa tuseme la chama, na hapa tunajisema wenyewe. Mfuko wetu wa elimu umekuwa ukitoa msaada kwa wanafunzi waliopata alama za juu kabisa, baada ya matokeo kutoka. Sharti hii tuliiona ya haki, kwa kuwa haina upendeleo. Tulipolipitia daftari tukaona kuwa fedha ya wanachama wote, pamoja na ya wale wanaoleta kilo chache, imekuwa ikiwaendea zaidi watoto ambao wangesoma hata bila yake, na baadhi yao ni watoto wa wajumbe wa Kamati. Hakuna aliyeiba. Tulikuwa tukiwazawadia waliokwisha kufika, na tukiwaacha waliokwama njiani.

Kamati kwa hivyo italeta mbele ya mkutano ujao mapendekezo haya. Kwanza, sehemu kubwa ya mfuko itolewe kabla ya mtihani badala ya baada, yaani kuanzia Septemba, iwe badala ya ujira wa kijana wa kidato cha nne ambaye nyumba yake humtegemea katika uchumaji. Pili, mwanachama mwenye mtoto wa darasa la mtihani aweze kukopa kwa chama, bila ya riba, kwa dhamana ya karafuu zake mtini, ili asilazimike kuikodisha mikarafuu yenyewe. Mkopo huo atakatwa akishauza. Chama cha Wakulima wa Karafuu kilichoanzishwa mwaka 1927 kilikuwa na mikopo ya kuchumia, kwa hivyo shauri lenyewe si geni, ila zamani ilitazamwa karafuu na mtoto hakutazamwa. Tatu, iwepo akiba ndogo ya nauli, vyeti na mihuri.

Tumeshasikia maneno. Wapo wasemao kuwa tutawalea wavivu, na kwamba mwenye alama za juu atanyimwa haki yake. Juu ya hilo la pili wana neno, na Kamati imekubali zawadi ndogo za alama za juu zibakie. Wengine wameuliza mtoto wa mchumaji asiyekuwa mwanachama atasaidiwa vipi, naye ndiye mwenye shida zaidi, kwani hana hata mti wa kuweka dhamana. Suala hili ni zito. Kwa katiba yetu mfuko ni wa wanachama, na Kamati imegawanyika. Maoni yetu sisi katibu ni kuwa anayechuma karafuu zetu misimu mitatu mfululizo ahesabiwe, lakini uamuzi ni wenu.

Jambo moja haliwezi kungoja mkutano. Mzee aliyeuliza suala lile ana mjukuu kidato cha nne mwaka huu, naye ametujulisha kuwa mikarafuu yake imekwisha kodishwa. Hayuko peke yake. Kila mwanachama mwenye mtoto wa kidato cha nne aje aandikishe jina, jina la skuli, na kama shamba lake limekodishwa au halikukodishwa. Khabari hizo hazitatangazwa. Fomu ziko ofisini, nazo hazina malipo. Asiyeweza kuandika tutamwandikia. Ofisi hufunguliwa kila siku asubuhi mpaka adhuhuri, isipokuwa Ijumaa.

Katibu